Bendera ya Shimo la Tisa

Ninyi mnaobaki kwenye uwanja wa gofu wa mji mliniomba niandike kazi yetu inavyofanywa. Nitaandika, ila nawaonya mapema kwamba nimestaafu bila kuuelewa huu mchezo. Nyasi nazijua, mchanga naujua, na siafu wanapopenda kutokea napajua. Mchezo wenyewe bado unanichanganya, na siku niliyoucheza kwa mara ya kwanza ndiyo ulinichanganya kuliko siku zote. Zuhura, wewe uliyepokea ufunguo wa stoo kwangu ulikuwepo siku ile, kwa hiyo wasomee wenzako taratibu na usiongeze chumvi.

Siku yangu ya kwanza nilifika na jembe. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna kibarua cha halmashauri kule upande wa Katindiuka, na mimi ni mtoto wa wakulima wa Idete. Wazazi wangu walishuka kutoka Mahenge kufuata mpunga, kwa hiyo niliposikia kibarua, nilielewa kulima. Nikamkuta mwanamume mrefu kavaa gambuti, anaburuta gunia juu ya duara la mchanga mweusi. Anaburuta, anarudi nyuma, anautazama, halafu anaburuta tena. Pale hapakuwa na kitu chochote kilichopandwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hilo jembe la nini?"

"Nimekuja kulima."

"Hapa hatulimi. Ukilima hapa unafukuzwa."

Nikamuuliza, sasa shamba lote hili ni la nini? Akasema, "Watu wanapiga kipira, kinakwenda mbali. Halafu wanakifuata." Nikasubiri amalizie maelezo. Kumbe alikuwa amemaliza.

Huyo ndiye Gervas, msimamizi wa uwanja, Mpogoro kama mimi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alinitembeza mashimo yote tisa siku ile ile. Akaniambia kwamba mwenye kupiga mara chache ndiye mshindi. Nikamuuliza, kama ni hivyo si bora mtu asipige kabisa? Alicheka mpaka akaketi chini. Akasema mtu wa namna hiyo wanampa usimamizi wa uwanja.

Sasa niwaeleze mchanga. Wenzetu wa miji mingine wana nyasi laini kuzunguka shimo. Sisi kiangazi hatuna maji ya kumwagilia, na masika maji yanakuja bila kuitwa. Walioanzisha uwanja huu enzi za mkoloni waliliona hilo, wakaweka maduara ya mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, ili upepo usiupeperushe na mchwa waususe. Wachezaji wanayaita brauni. Mchanga uwe wa mtoni, tena uchekechwe. Mafuta yakizidi, mpira unanata. Yakipungua, mpira unakimbia kama umetumwa. Kamua mchanga kiganjani: ukibaki na umbo la vidole huku mkono hauchuruziki, umepatia. Ukiburuta gunia, anzia shimoni uzunguke kwenda nje, umalizie nje kabisa. Ukianzia nje utajikuta umesimama katikati, umezungukwa na kazi yako safi, na huna pa kutokea. Mimi yalinipata. Gervas aliniacha nimesimama pale kwa muda mrefu, akasema anafikiri.

Mafuta yalitoka gereji ya Fidelis, kule Viwanja Sitini. Fidelis ni Mngoni, na tangu aje kutoka Songea akiwa kijana hajapoteza hata neno moja la majigambo. Mara ya kwanza alipoleta dumu uwanjani nilisikia akipiga kelele tangu getini.

"We Mpogoro! Bado hujafa? Nimekuja na sanda yako!"

"Ishone upya," Gervas akajibu bila kuinua kichwa. "Ninyi mlikuja huku na mikuki kutafuta vita, mkapotea njia, mkaishia kuuza mafuta machafu. Babu yako akikuona atazimia."

Fidelis akashika kola ya Gervas, Gervas akashika sikio la Fidelis. Nikatupa reki nikakimbia kumwita mgambo wa sokoni. Tuliporudi tunahema, wawili hao walikuwa wamekaa juu ya dumu wanakula muhogo wa kuchoma kwenye karatasi moja. Mgambo akaniuliza mimi mtoto wa wapi nisiyejua watani. Nilijua utani ni nini, ila sikuwahi kuuona ukiwa na nguvu kiasi kile. Niliaibika wiki nzima.

Mimi mwenyewe Fidelis hakunitania hata siku moja, ingawa ni Mpogoro vilevile. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitika, "Marahaba mwanangu," akaniuliza habari za watoto. Miaka yote ilikuwa hivyo. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni mwanamke, au kwa sababu sikuwa na kitu cha kutaniwa. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ile masika mto ulipokuja wote uwanjani. Shimo la sita, lile linalopakana na mashamba ya mpunga, lilizama kabla hatujaondoa bendera. Maji yalipotoka tulikuta kambare kwenye stoo, na nyayo za kiboko zimepita katikati ya uwanja, kila mmoja unatosha kuogeshea mtoto. Ndiyo asili ya sheria yetu ambayo wageni wanaicheka: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bure. Ukiingia kwenye mpunga wa mtu, unausamehe, maana kina mama wanaoamia ndege kule hawana muda wa kukutafutia kipira, na ukikanyaga mpunga wao utapigwa wewe.

Brauni ya tisa haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na tope, na juu ya tope umelala upondo wa mtumbwi, mrefu kuliko nyumba, umeletwa na maji kutoka kwa mvuvi gani hatukujua. Gervas akatangaza kwa wavuvi, hakujitokeza mwenye nao. Basi akausimamisha kwenye shimo la tisa, akafunga kitambaa chekundu juu, ukawa bendera. Mashimo mengine yote yana mianzi. Fidelis alipouona alifurahi kama aliyepewa zawadi. "Mpogoro anaogopa maji mpaka anachomeka upondo nchi kavu!" Alilisema hilo kila alipoleta dumu, na kila mara Gervas alijibu kitu kipya.

Upondo ule una matunzo yake. Kila masika sehemu ya chini inaoza, na tunaikata. Kila kiangazi tunaupaka mafuta ya Fidelis. Nimeupaka kwa mikono yangu miaka yote, na nimeuona unapungua kutoka urefu wa nyumba mpaka kimo cha mtu. Gervas alisema yeye na upondo wanashindana nani ataisha kwanza.

Mtauliza kwa nini sikucheza muda wote huo. Hakuna aliyenikataza. Ni kwamba wachezaji wakianza, sisi tumemaliza, na mtu aliyeburuta gunia tangu asubuhi hana hamu ya kuona linavyokanyagwa. Gervas yeye alicheza peke yake jioni, na fimbo moja tu. Nilipomuuliza anapata nini, alisema, "Ukicheza utaelewa." Jibu hilo lilinikera, na linanikera mpaka leo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Gervas alilazwa. Alikuwa amestaafu zamani lakini alikuwa bado anakuja kukagua mchanga. Nilipokwenda kumwona nilimkuta mkewe, Mama Anjela, kakaa pembeni ya kitanda, na Fidelis kasimama miguuni anamwambia mgonjwa aache kuigiza, wauguzi wana kazi. Gervas akanishika mkono.

"Siku ya kuanua matanga yangu, ucheze mzunguko. Mpaka la tisa. Usiniachie katikati."

"Mimi? Kwa nini mimi, baba?"

"Ona huyu," Fidelis akadakia. "Hata kufa anataka kusimamia!"

Gervas akacheka, akakohoa, akafumba macho. Swali langu halikujibiwa, na baada ya siku chache hakukuwa na wa kulijibu.

Kwenye mazishi Fidelis alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Aliruka ndani ya kaburi, akalala, akasema ni pana mno kwa Mpogoro, lipunguzwe. Alikataa kutoka mpaka akapewa kuku. Watu walicheka huku wanalia, hata Mama Anjela alicheka. Fidelis hakutoa chozi, maana mtani akilia nani atawachekesha wafiwa? Nilimtazama nikashangaa moyo wake umetengenezwa na nini.

Matanga yalianuliwa wiki ile ile niliyoagwa kazini. Mwenyekiti wa wachezaji, ambaye ni daktari mpole asiyependa kelele, alikubali mzunguko uchezwe kwa heshima ya marehemu. Baada ya misa Mama Anjela alikuja akakaa kwenye baraza ya klabu, vyungu vya chakula nyuma yake, kitambaa cheusi kichwani. Akasema mbele ya watu wote, "Kitambaa hiki nitakifungua mwanangu huyu akimaliza la tisa. Ndivyo mume wangu alivyoagiza." Hapo nikaelewa kwamba sichezi kwa kujifurahisha.

Ndipo Zuhura akaja mbio kwangu, akiniita kwa jina la mwanangu. "Mama Leo, la tisa halina bendera!"

Nikamwambia achukue mwanzi wowote stoo. Mama Anjela akasikia, akainua mkono. "Imechukuliwa na nani?"

Watu wote wakamtazama Fidelis. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kaegemea mkongojo aliouzungushia gunia na vipande vya mpira wa tairi, kama mafundi wanavyofunga kila kitu. Mguu ulikuwa unamsumbua tangu mazishi, alisema.

"Waulizeni Wapogoro wenu," akajibu. "Mimi nauza mafuta."

"Basi haibadilishwi," Mama Anjela akasema. "Kitu alichochukua mtani msibani kinakombolewa. Mkiweka kingine, msiba haujaisha."

Kuku akaletwa. Fidelis akamkagua mdomo, akasema ana mafua. Kibuyu cha pombe kikaletwa, akasema hiyo ni maji ya kuoshea mchele. Mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuite polisi. Nikamwambia hapana, daktari, huu ni utani. Akaniuliza utaisha saa ngapi. Nikasema sijui, na kweli sikujua. Tukaamua tuanze kucheza, huenda moyo wake ungelainika njiani.

Niliweka mpira mahali pa kuanzia. Fidelis akaja akichechemea, akalala chali mbele ya mpira. "Nipige mimi kwanza! Nife na rafiki yangu!" Alipoburutwa pembeni nilizungusha fimbo, nikapiga hewa. Nikazungusha tena, nikapiga ardhi niliyoipalilia mwenyewe, na bonge la udongo likaenda mbali kuliko mpira. Mwenyekiti akasema, "Vizuri sana." Mpaka sasa sijui alisifu nini.

Sitawaeleza kila shimo. Nilipiga kulia, mpira ukaenda kushoto. Nikapiga kushoto, ukanisikiliza ukaenda kushoto, wakasema nimekosea kwa sababu bendera ipo kulia. La tatu nilitumia fimbo aliyonipa Mwenyekiti, halafu akaninyang'anya akanipa nyingine inayofanana nayo kabisa, akasema ile ilikuwa ndefu mno. Fidelis alinihesabia kwa sauti kubwa na kila namba ilikuwa ya uongo, mara juu, mara chini, mpaka mimi mwenyewe nikapoteza hesabu. La sita mpira ukaingia kwenye mpunga. Mwanamke aliyekuwa anaamia ndege akaudaka, akautia kwenye kombeo, akawarushia kwelea. Hakukosa. Watu wakampigia makofi, na sheria yetu ikanisamehe.

Nilitembea nikijiuliza vitu ambavyo havikuungana. Gervas alipata nini jioni zile? Nilipita kwenye brauni zangu kama mgeni. Nimezitazama miaka yote kutoka juu, nimeinama na gunia. Sasa nilikuwa nazitazama kutoka mbali, zimelala nyeusi kwenye nyasi, na zilikuwa nzuri. Sikuwahi kujua kwamba ni nzuri. Hilo pekee ndilo nililoelewa siku ile, kama huko ndiko kuelewa.

"Huyu mzee anatuzingua," Zuhura aliniambia tulipoanza la nane. "Bendera ataitoa saa ngapi? Mama wa watu anasubiri pale."

"Nenda kamwombe."

"Nimeshamwomba. Amenipa pole."

Tukafika la tisa. Ninyi mnajua linavyotazamana na baraza ya klabu. Mama Anjela alikuwa amesimama, amejishikilia kwenye nguzo. Mpira wangu, sijui kwa huruma ya nani, ulitua kwenye mchanga, hatua chache kutoka shimoni. Shimo lilikuwa tupu, kopo tu limezama kwenye mchanga. Nikaogopa kweli. Ningeusukuma mpira ndani halafu iweje? Mama wa watu angebaki na kitambaa chake, na mimi ningekuwa nimemwachia Gervas katikati, jambo moja tu aliloniomba.

Nikamwendea Fidelis, nikapiga magoti kwenye nyasi. "Baba, nakuomba. Tukukomboe na nini? Sema chochote."

Alinitazama. Midomo ilikuwa inamcheza. Nilidhani anatafuta neno la kuchekesha, kumbe alikuwa anajizuia. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote, yeye mtani, na hakuna aliyejua afanye nini. Hata wazee wa Mahenge walitazama chini.

"Ukimaliza hapo, imekwisha," akasema. "Nani atanitukana? Nyumbani kwangu wote ni shikamoo, shikamoo. Gereji ni shikamoo. Tangu amekufa sijatukanwa hata mara moja. Mnaniheshimu kama nami nimekufa."

"Nikupe nini, baba?"

"Si hilo hapo? Baba, baba! Wewe si Mpogoro? Nilikuacha miaka yote kwa sababu Gervas alisema huyu wangu, mwache ajifunze kazi kwanza. Umestaafu. Sasa kazi gani tena unajifunza? Nataka mtu wa kunitukana."

Nimelelewa Idete, mkubwa haambiwi neno, na huyu nimemwamkia tangu nina nywele nyeusi. Ulimi ulikuwa mzito kama umepakwa mafuta yake. Nikamtazama Mama Anjela kule barazani, akanitikisia kichwa kwamba ndiyo. Nikasimama.

"We Mngoni," nikasema, kama ninayemwamkia. Nikaanza upya. "We Mngoni mwizi! Miaka yote umetuletea mafuta yenye maji, ukidhani hatuoni. Mchwa wenyewe walikuwa wanakuja kunawa miguu! Babu yako alikuja huku na mkuki, wewe umekuja na dumu, na dumu lenyewe linavuja!"

Kisha Fidelis akarudisha kichwa nyuma, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Gervas alipofariki, machozi bado yanatiririka.

"Mpogoro we! Unaogopa maji mpaka mpira wako unakimbilia kwenye mpunga! Umepaka upondo mafuta miaka yote, leo umepita mbele ya macho yako mashimo tisa, hukuutambua!"

Akaanza kufungua mkongojo wake. Vipande vya mpira wa tairi vikaanguka, gunia likaanguka, kitambaa chekundu kikachomoza kilipokuwa kimekunjwa ndani. Watu wakapiga yowe. Ndio upondo wetu. Ulikuwa mbele yangu kutwa nzima, kimo cha mtu, umemshikilia mzee wa watu asianguke, na mguu wake ulikuwa mzima kabisa.

Akauchomeka shimoni kwa mikono miwili. Nikainama, nikausukuma mpira. Ukapita pembeni ya shimo, kama kawaida ya mipira yangu. Fidelis akaurudisha kwa kidole gumba cha mguu, ukaanguka ndani ya kopo, tukausikia wote.

"Umeingia," akasema.

Mwenyekiti alifungua mdomo kutaja sheria, akaufunga. Kule barazani Mama Anjela alikuwa tayari anafungua kitambaa.

Kwa hiyo, wenzangu, upondo nimewaachia. Masika ikipita kateni sehemu iliyooza, na kiangazi upakeni mafuta. Fidelis atayaleta mwenyewe, na kabla ya uwanjani atapita kwangu kupiga kelele mlangoni kwamba amekuja na sanda yangu. Jirani mmoja mpya alikwenda kumwita mgambo juzi. Walipofika walitukuta tunakula muhogo.